Kazini naitwa BAME, binti yangu anasema ni tusi: nijiite nani?

"Assalaam aleikum mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, niko Leicester, Uingereza, huu mwaka wa kumi na tisa, kazi yangu ni kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Babu mzaa baba alikuwa Mshihiri, yaani Mwarabu wa Hadhramaut, bibi yangu Mtumbatu, na upande wa mama wote ni watu wa Makunduchi. Kazini kuna kikundi cha wafanyakazi kinaitwa BAME. Nimeombwa nijiunge, tena niwatafsirie kipeperushi chao kwa Kiswahili. Mkutano wa kwanza tu watu wakagombana juu ya jina. Vijana wanataka 'watu wa rangi', mmoja kasema 'wengi wa dunia', na mzee mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Jinja, Uganda, akaninong'oneza kwa Kiswahili safi: 'Mwanangu, mimi mtu wa Jinja, hayo mengine sijui.' Nimerudi nyumbani, binti yangu wa chuo kikuu akaniambia BAME ni tusi, na kwamba nikitia tiki 'Mwarabu' kwenye fomu nitakuwa nimeukana weusi wangu. Siku hizi hata fomu ya hospitali naiogopa. Nijiite nani? Na nikijaza vibaya, ni kosa?"

Wa aleikum salaam, dada yangu. Nianze na la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Hapana, si kosa. Fomu ya kazini inayouliza asili yako ni ya hiari, na karibu zote huwa na kisanduku cha "sipendi kusema". Sensa ni lazima kuijaza, lakini hata humo kisanduku unachagua mwenyewe. Hakuna karani atakayebisha hodi kukupima damu. Serikali ya Uingereza tangu ilipoanza kuuliza swali hili kwenye sensa, mwaka 1991, inakuuliza wewe unajiona nani. Na mwajiri akishachukua jibu lako, sheria ya kulinda taarifa inaliweka kwenye fungu moja na habari za afya na dini yako, yaani taarifa za kutunzwa kwa uangalifu zaidi. Kwa hiyo hofu ya kosa iweke kando, tuzungumze.

Sasa hilo la tusi. Binti yako ana nusu ya haki. BAME ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya Weusi, Waasia na jamii nyingine za wachache. Ni jina lililozaliwa ofisini, kwenye majedwali na ripoti, na hujapata kumsikia mtu sokoni akisema "mimi BAME wa Tumbatu". Lililowachosha watu ni kwamba limegeuzwa kapu: kila asiye Mzungu anatupwa humo, kisha kapu linabebwa juu juu bila kutazama kilichomo. Mwezi Machi 2021 tume ya serikali iliyochunguza tofauti za kijamii ilipendekeza jina hilo liachwe. Desemba mwaka huohuo BBC, ITV, Channel 4 na Channel 5 wakaahidi kulikwepa kila inapowezekana, na Machi 2022 serikali yenyewe ikasema haitalitumia tena. Kikundi chenu kimebaki na jina ambalo waliolivumisha wameshalitupa. Hilo si dhambi, maofisi mengi bado wanalo, ila ujue hamko peke yenu kwenye ugomvi huo.

Nataka nikueleze majina haya yanatoka wapi, kwa sababu ukilielewa hilo hofu itapungua yenyewe. Jina la jumla huwa lina mama wawili: anayehesabu na anayepigana. Anayehesabu ni serikali, hospitali, mwajiri. Anataka safu chache zinazoingia kwenye karatasi moja. Anayepigana ni watu wenyewe, wanapoona kila mmoja akisimama peke yake hasikiki.

Tazama Uingereza hiyohiyo. Miaka ya 1950 na 1960 wageni kutoka Karibiani, India na Pakistan wote waliitwa kwa neno la Kiingereza la "wenye rangi", na mlango ukafungwa kwa neno hilohilo. Mwaka 1963 kampuni ya mabasi ya Bristol ilikuwa haiajiri watu hao kuwa madereva wala makondakta, mpaka wakagomea mabasi miezi minne. Miaka ya 1970 vijana wakalitupa neno hilo wakashika "Weusi", na hapo ndipo patamu: Wahindi na Wapakistani wengi nao walijiita Weusi. Hawakuwa wanazungumzia ngozi. Walikuwa wanasema sote tunapigwa na fimbo moja. Kile chama cha Southall Black Sisters, yaani Dada Weusi wa Southall, kilichoanzishwa London mwaka 1979, kiliundwa na wanawake wa Kiasia na wa Kiafrika-Karibiani pamoja, na mpaka leo kina jina hilo. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1980 wakatokea waliopinga, maarufu zaidi akiwa msomi Tariq Modood, wakisema mwavuli huu unawafunika Waasia mpaka hawaonekani: anayetukanwa kwa ajili ya dini yake au mavazi yake hasaidiki kwa kuambiwa shida yake ni rangi. Ndipo herufi ya A ikachomekwa katikati. BAME ni mabaki ya mapatano hayo.

Usidhani mambo haya ni ya Wazungu tu. Wakalenjin wa Kenya ni Wanandi, Wakipsigis, Watugen na wenzao, walioanza kujiita kwa jina hilo moja miaka ya 1940. Neno lenyewe maana yake "nawaambia". Wamijikenda ni miji tisa iliyojifunga kitambaa kimoja karibu na wakati huo. Na kwetu Unguja? Sensa ya mwaka 1924 watu maelfu kwa maelfu walijiandikisha kuwa Waswahili. Ya mwaka 1948 waliojiita hivyo walibaki wachache mno, na Washirazi wameongezeka. Watu hawakufa wala hawakuhama. Ni walewale, nyumba zilezile, ila jina la "Mswahili" lilikuwa limeanza kunuka utumwa na unyonge, na serikali ya kikoloni ilikuwa inagawa heshima, na wakati wa vita hata mgao wa chakula, kwa kutazama mtu kaandikwa nani. Bibi yako Mtumbatu pengine aliyaona hayo kwa macho yake. Tanzania baadaye ikaamua kutouliza kabisa: sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Ndiyo maana fomu ya Leicester imekushtua kuliko ingemshtua Mkenya, ambaye huulizwa kabila kila sensa.

Mfano wa mbali kidogo, nausimulia kwa sababu unanichekesha kila mara. Afrika Kusini sheria ya kuwainua kiuchumi walioonewa inasema "watu weusi" ni Waafrika, machotara na Wahindi. Wachina hawakutajwa, ingawa nao walibaguliwa. Wakaenda mahakamani, na mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Pretoria ikaamua Wachina wa Afrika Kusini nao waingie humo ndani. Mchina akawa mweusi kwa hukumu. Wapo waliokasirika, wapo waliocheka, lakini kisheria ilikuwa sawa kabisa: neno lile lilikuwa linataja walioumizwa.

Basi hilo ndilo kosa la binti yako, na umwambie kwa upole. Anadhani "Mweusi" wa kwenye fomu ni yuleyule mweusi wa nyumbani. Wewe unajua sivyo. Barazani kwenu mtu ni mweusi, au maji ya kunde, au mweupe, na wote watatu wametoka tumbo moja. Shangazi akisema "yule mtoto mweupe" anamtaja mjukuu ambaye akishuka uwanja wa ndege wa Heathrow ni mweusi tu, hana mjadala. Maneno yanafanana, kazi zao mbalimbali. Kumtaja babu yako Mshihiri si kukana weusi. Na kutia tiki "Mwafrika" si kumkana babu.

Twende sasa kwenye kisanduku chenyewe. Sensa ya Uingereza na Wales ya mwaka 2021 ina mafungu matano makubwa, na wewe unaweza kuingia kwa haki kwenye matatu. La kwanza, "Mweusi", ndani yake kuna "Mwafrika" na mstari wa kuandika. Unaandika Zanzibar, umemaliza. La pili, "Mchanganyiko". Hapa tega sikio: visanduku vyake vitatu vyote vinamtaka Mzungu ndani. Mzungu na Mkaribi, Mzungu na Mwafrika, Mzungu na Muasia. Kwa Mwingereza aliyeiandika fomu, kuchanganya maana yake ni kuchanganya na yeye. Mwarabu na Mwafrika, mchanganyiko wa pwani nzima tangu enzi za majahazi, hauna kisanduku. Unasukumwa kwenye "mwingine" na mstari mtupu. La tatu, "Kundi lingine", ambamo tangu mwaka 2011 yumo "Mwarabu".

Mimi nikiwa wewe ningetia "Mwafrika" na kuandika Zanzibar. Sababu yangu si ya damu. Fomu ya kazini ipo ili ijulikane nani anapandishwa cheo na nani anaachwa, na mkuu wako akikutazama haoni Hadhramaut. Anaona mwanamke Mwafrika aliyejifunga mtandio. Kama kuna upendeleo, utakuja kwa mlango huo, basi hesabu nayo ifanyike kwenye mlango huo. Lakini nimekaa na watu wa Unguja na Mombasa waliotia "Mwarabu" kwa sababu ndivyo walivyolelewa, na wengine walioandika "Mswahili" kwenye mstari wa mwisho kwa kalamu nzito mpaka karatasi ikataka kutoboka. Sikuwasahihisha. Chagua moja, uitumie hiyohiyo kila fomu ya kazini, maana hesabu zinazobadilika kila mwaka hazimsaidii yeyote.

Fomu ya hospitali ni jambo jingine kabisa, na hapa nakuomba uniamini: usifupishe. Mjamzito akiulizwa habari za selimundu na thalasemia, magonjwa ya damu, karatasi anayopewa haitafuti jina la jumla. Inauliza asili ya familia, upande wa mama na upande wa baba wa mtoto. Hapo sema yote: Tumbatu, Makunduchi, Hadhramaut. Magonjwa hayo yanarithiwa kwenye Afrika, Uarabuni, India na nchi za Mediterania pia, na neno "Mweusi" peke yake linaweza kumfanya mtu asiulize swali la pili. Binti yako akifika siku hiyo, akae na mkunga amwambie kwa mdomo, asitegemee tiki.

Na kisanduku cha lugha kikague peke yake. Niliwahi kumsindikiza mama mmoja wa Kibarawa kwenye kliniki moja London. Kwenye faili lake kulikuwa kumeandikwa "Msomali", kwa sababu Barawa iko Somalia. Wakamletea mkalimani wa Kisomali. Mama anasema Chimwini, Kiswahili cha Barawa, ambacho mimi na wewe tukikisikiliza kwa utulivu tunaambulia nusu. Alikaa akamtazama yule kijana mkalimani, kijana akamtazama yeye, daktari akawatazama wote wawili, dakika kumi za miadi zikaisha. Hakuna aliyembagua mtu chumbani mle. Jina lilikuwa pana mno kwa kazi ile, basi.

Upana huo ndio gharama kubwa ya majina ya jumla. Shule za Uingereza, ukiweka wanafunzi wote "wa wachache" kwenye safu moja, utaona mambo si mabaya. Fungua safu: watoto wa Kichina na Kihindi wako juu kuliko Wazungu, watoto wa Kiafrika kwa wastani wanawapita wa Karibiani, na watoto wa Kiroma wako chini kuliko wote. Wastani mmoja umewafunika wote, hasa wanaohitaji msaada. Wakati wa korona ilikuwa hivyohivyo, na wewe ulikuwa kazini kwenye nyumba ya wazee wakati huo, sina haja ya kukusimulia. Wimbi la kwanza Waafrika ndio waliokufa kwa kiwango cha juu kuliko makundi mengine. Wimbi la pili wakawa Wabangladeshi. Aliyesema tu "BAME wanakufa zaidi" hakudanganya, lakini hakumsaidia daktari kujua aende mtaa gani.

Na kwa Leicester neno "wachache" lenyewe linachekesha. Sensa ya 2021 ilikuta Waasia asilimia 43.4 na Wazungu 40.9. Hakuna kundi lililofika nusu. Nani mchache hapo?

Lakini nisiwe mwepesi wa kuuchana mwavuli wakati mvua inanyesha. Nyumba yenu ya wazee ina wafanyakazi wangapi? Tuseme Waafrika watano, Wafilipino wanne, Wahindi kumi. Mkijitenga kila watu na kikundi chao, Mfilipino akionewa atabaki na wenzake watatu wa kumsikitikia. Tena mkimtaka mwajiri atoe takwimu za kila kabila peke yake, kwenye safu ya "Mzanzibari" utakuwa wewe mmoja, na kila mtu atajua ni nani aliyelalamika. Wanaofanya takwimu huzificha namba ndogo kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mwavuli unafaa kwenye kudai, na unadhuru kwenye kuchunguza. Waambie wenzako waweke jina moja la kukusanyikia, na mwajiri anapoleta ripoti mdai ifunguliwe kadiri namba zinavyoruhusu: cheo, zamu za usiku, nani kapewa onyo.

Jina lipi? "Watu wa rangi" kwa Kiingereza ni neno la heshima kwa sasa, hasa kwa vijana na kwa Wamarekani. Kwa Kiswahili silipendi. Mzee akilisoma atauliza rangi gani, na kwa waliokulia karibu na siasa za Afrika Kusini litawakumbusha karatasi za makaburu. "Wengi wa dunia" lilianzishwa na Rosemary Campbell-Stephens, mtaalamu wa elimu wa hukohuko Uingereza, kwa nia njema ya kuwatoa watu kwenye uchache. Ni kweli kwa hesabu ya dunia, ila mpishi wenu akilikuta ukutani hatajua anaitwa yeye. "Makabila madogo" usithubutu; kwa masikio yetu unamwambia mtu kabila lake ni dogo.

Kwenye kipeperushi usitafsiri jina hata kidogo. Taja watu. Andika hivi: "Wewe ni Mwafrika, Mkaribi, Muasia, Mwarabu, au mtu wa jamii yoyote isiyo na sauti kubwa hapa kazini? Njoo tukae pamoja." Mahali pa rasmi panapotaka neno moja, "jamii za wachache" linapita bila kumchoma mtu, pamoja na kasoro yake niliyokuonyesha ya Leicester.

Hayo yote ni ya majina. Kukiwa na kitu kingine nyuma ya swali lako, kwa mfano umenyimwa cheo, unapewa zamu mbaya wewe na Waafrika wenzako tu, au kuna mtu anakutania lafudhi mpaka unaumwa kichwa kabla ya kwenda kazini, basi usihangaike na kisanduku. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 haina neno BAME ndani yake. Inataja rangi, uraia, na asili ya kabila au taifa, na ukionewa kwa lolote kati ya hayo inatosha. Toka mwaka 1983 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba Masingasinga ni kundi la kabila linalolindwa, kesi iliyoanza na mtoto aliyekataliwa shule kwa sababu ya kilemba. Andika tarehe, saa na maneno yaliyosemwa siku hiyohiyo kwenye daftari, kisha nenda ana kwa ana kwa chama chako cha wafanyakazi au ofisi ya ushauri ya Citizens Advice, na upige simu Acas, shirika la usuluhishi wa kazi, ambako ndiko kesi za kazi huanzia. Usikawie: muda uliozoeleka wa kupeleka shauri ni miezi mitatu kasoro siku moja tangu tukio, na hata ukisikia sheria imeulegeza, wewe hesabu kwa huo.

Yule mzee wa Jinja mkalie karibu mkutano ujao. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, baraza la mji wa Leicester lililipia tangazo kwenye gazeti la Kampala kuwaambia wasije huko, na wakaja. Kwenye fomu zote tangu 1991 yeye ni "Mhindi", na Uganda haionekani popote. Muulize aliandika nini kwenye mstari wa mwisho, kama aliandika. Na huyo binti yako mchukue mkutanoni akusikie wewe na huyo mzee, akiwa amefunga simu.